Ndoo 1,170

Julai mwaka jana kaka yangu alinitumia video ya dakika nne. Jamaa mmoja, wa nchi gani sijui maana hakusema neno, anachimba uwani kwake kwa kijiko cha kukodi, anapanga matofali, anatandika turubai la bluu, anasimamisha nguzo nne za mbao na kutanda neti ya kivuli juu yake. Dakika ya tatu maji yameshajaa. Dakika ya nne kakaa chini ya neti, miguu majini, glasi mkononi. Kichwa cha video kilisema ni bwawa la kisasa na baraza lenye kivuli kwa bajeti ndogo. Chini yake kaka akaandika: "Mdogo wangu, wewe ndiye unayesomea maji. Nipigie hesabu ya hiki kitu. Nina milioni nne."

Nyumba yake iko Handeni.

Msomaji asiyeifahamu Handeni naomba nimsaidie kidogo. Mabasi ya Arusha na Moshi yakishapita Segera yanaingia Korogwe, mji uliokaa ukingoni mwa Mto Pangani, milima ya Usambara ikiutazama. Kutoka hapo hadi Handeni mjini ni kilomita 65 za lami, na karibu njia nzima unapanda. Korogwe wana mto. Handeni tuna malambo, visima vya msimu, na mazoea ya kuuliza habari za maji kabla ya habari za nyumbani. Nimezaliwa Handeni na nikasoma sekondari Korogwe, kwa hiyo nimeishi pande zote mbili za bomba.

Nilifanya kosa la kuwaonyesha wenzangu wa darasani. Tuko wanafunzi wa shahada ya uzamili katika uhandisi wa rasilimali za maji, watu ambao kazi yetu ni kuyahurumia maeneo kama Handeni kwenye majedwali. Walicheka hadi mmoja akaegemea ukuta. "Atajaza nini, kokoto?" Mwingine akasema wapate kwanza maji ya kunywa. Na mimi nilicheka. Nilipofika chumbani nikaona haya, na haya ile ndiyo iliyoniandikisha makala hii.

Kwa sababu naomba tuulizane: ni nani anayecheka anapoona bwawa la kuogelea Masaki? Hoteli ngapi za Dar es Salaam zina maji ya bluu uani wakati mtaa wa jirani unasubiri mgawo? Hatucheki. Tunapiga picha. Cape Town walipokaribia kuishiwa maji mwaka 2018, dunia nzima ilihubiriwa kuoga haraka haraka. Baadaye, mwaka 2023, watafiti waliochapisha katika jarida la Nature Sustainability walikadiria kwamba matajiri na tabaka la juu la kati, ambao hawafiki asilimia 14 ya wakazi wa mji ule, walikuwa wanatumia zaidi ya nusu ya maji ya majumbani, mengi yakienda kwenye bustani na mabwawa yao. Wale ndio wa kuchekwa. Kicheko chetu darasani kilikuwa kinasema kwamba kuna watu ambao haki yao inaishia kwenye ndoo, na wakitamani zaidi ya ndoo wanakuwa kichekesho. Hilo silikubali.

Tena kaka yangu huyu si mtu wa kuchekwa kwa habari ya maji. Alimaliza darasa la saba akaanza kusukuma baiskeli yenye madumu manne, alfajiri kwenda na jua kali kurudi, miaka sita. Madumu mawili ya kuuza, mawili ya nyumbani. Yale ya nyumbani ndiyo yaliyonifanya mimi, mtoto wa kike, nisiamshwe saa kumi kufuata foleni kisimani. Nikawahi namba shuleni, nikafaulu, nikapelekwa Korogwe, na leo naitwa msomi wa maji. Mtu aliyekubebea maji ili usome anapokuomba hesabu, unampigia hesabu.

Nikaipiga.

Bwawa alilolitaka lilikuwa na urefu wa mita 6, upana wa mita 3, kina cha mita 1.3. Hiyo ni mita za ujazo 23.4, yaani lita 23,400, yaani ndoo 1,170 za lita ishirini. Orodha ya fundi niliyotumiwa ilikuwa safi sana: matofali, saruji, nondo, mchanga, kokoto, dawa ya kuzuia maji kupenya, marumaru za bluu, pampu ndogo na chujio, neti ya kivuli, nguzo. Kila kitu kilikuwa na bei yake. Maji hayakuwemo. Nikarudia kusoma nikidhani nimeruka mstari. Hayakuwemo, kama ambavyo kwenye ile video hayakuwemo: jamaa alifungua bomba, kamera ikazimwa, kamera ikawashwa, bwawa limejaa.

Ugomvi wangu na hizi habari za "bajeti ndogo" uko hapo. Bajeti inakuwa ndogo kwa sababu imeacha nje kile ambacho kwa mwenye kuiandika hakina bei. Septemba moja nikiwa likizo nyumbani nilinunua dumu kwa mwenye mkokoteni kwa shilingi 1,000. Kwa bei ile, kulijaza shimo mara moja tu ni milioni moja na elfu mia moja na sabini. Na halijazwi mara moja. Nilikadiria kwamba jua na upepo wa kiangazi cha kwetu vitakula milimita 5 za maji kila siku. Ni kidogo kama unene wa mkate uliokatwa vibaya, lakini juu ya eneo la mita za mraba 18 ni lita 90. Ndoo nne na nusu kila siku zinapaa, hujaoga mtu, hujapika chai. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba zitapaa zaidi ya nusu ya lile bwawa.

Na Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilisemaje kuhusu mtu wa kijijini? Lita 25 kwa siku, kituo kisichozidi mita 400 kutoka kwake, kikihudumia watu 250. Nyumbani kwa kaka wako sita: yeye, wifi, watoto watatu na mama yetu. Mgawo wao wote kwa sera ni lita 150. Bwawa lile ni mgawo wa siku 156.

Nilipoiona hiyo 156 nilisimama. Tutairudia.

Kaka alikuwa na jibu tayari, jibu la kila mtu wa Handeni mwenye matumaini: "Maji yanakuja." Sitaki kumdhihaki, kwa sababu yamekuwa yakija tangu kabla hajazaliwa. Miaka ya 1970 ulijengwa mradi mkubwa tunaouita HTM, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kuyachukua maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni, mita 300 na ushei juu zaidi. Ulikuwa mradi wa heshima. Lakini maji hayapandi mlima kwa ahadi. Yanataka umeme, pampu, vipuri na mtu wa kuziba mabomba, leo na kesho na miaka arobaini baadaye. Mabomba yalizeeka, watu wakaongezeka, na mimi utoto wangu nilizijua koki za HTM kama mahali pa kukalia tukisubiri jioni. Sasa upo mradi wa miji 28 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India, na Handeni imo, Korogwe imo. Nauombea mema. Ila hata maji yakifika kesho asubuhi, yatakuwa yamepandishwa kwa umeme mita mia tatu, na atakayeyaacha wazi yapae chini ya jua atakuwa anapaisha umeme wa watu pamoja nayo.

Kuna wanaosema tamaa ya bwawa ni ya kigeni, imeletwa na simu. Si kweli, na pwani yetu inawakana. Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, kuna bwawa la kuogea la pembe nane lililochongwa kwa ustadi, na bahari iko chini yake pale pale. Kidichi, Unguja, hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi bado imesimama katikati ya yaliyokuwa mashamba ya karafuu. Tumeyatembelea na wanafunzi wenzangu. Mwongozaji anaeleza nakshi, anaeleza mapenzi ya sultani. Niliuliza nani alikuwa anajaza maji. Akanitazama kama nimemwuliza jina la paka wa sultani. Karafuu zile zililimwa na watumwa, jibu linaweza kukisiwa. Lakini pwani hiyo hiyo ilikuwa na birika pembeni mwa kila msikiti, maji yakiwekwa kwa ajili ya udhu wa kila apitaye. Kwa hiyo tumerithi namna mbili za kuweka maji nyumbani, na kaka alikuwa anachagua moja bila kujua kwamba ipo ya pili.

Agosti nikapanda basi.

Tulikaa chini ya mwembe wa mama, ambao tangu nipate akili ndio baraza letu. Hili nalo nililisema: kivuli tunacho, hakina bili wala hakipasuki kwa upepo kama neti. Kaka akacheka, akasema mwembe unadondosha viwavi kwenye chai ya wageni. Basi, kama ni kivuli cha wageni, nikamshauri aachane na mbao za dukani. Korogwe na mashamba yake ya mkonge iko mlangoni, na mkonge ukizeeka unatoa mlingoti katikati, mrefu, mwepisi, ulionyooka kama rula. Upakwe mafuta machafu ya gari usiliwe na wadudu, uezekwe juu, mtu anakaa. Hapo tulikubaliana haraka mno, nikajua ugomvi wenyewe bado.

Nikamsomea hesabu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Umemsahau Mdogo?"

Mdogo tulimwita hivyo binamu yetu, mtoto wa shangazi. Alikuwa na miaka tisa. Alikwenda na wenzake kuchota lambo lililo nyuma ya mashamba, mwaka ambao visima vyote vilikuwa vimekauka, akateleza kwenye tope la ukingoni. Lambo lile mtu mzima angesimama maji yakamfika kifuani. Hakuna mtoto hata mmoja kati ya wale saba aliyejua kuogelea, wala mtu mzima aliyekuja kukimbilia kelele. Sisi ni watu wa nchi kavu. Maji kwetu yanakuja mara mbili tu: kwa ndoo, au kwa mauti.

"Nataka wanangu wajue kuogelea," kaka akasema. "Si glasi mkononi. Hiyo glasi umeiona wewe."

Nakiri hapo hoja zangu zilipwaya. Nilikuwa nimekuja kupambana na majivuno nikakuta baba anayeogopa. Nilimjibu kwa kile nilichokuwa nacho: kwamba ile video haikuwa na uzio. Shimo la mita moja na sentimita 30 lililojaa maji, wazi, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni, na mtoto wake wa mwisho ana miaka miwili. Uzio haumo kwenye bajeti ndogo. Mwalimu wa kuogelea hayumo, na nyumba nzima haina anayejua. Akikosa dawa wiki mbili, maana klorini nayo inaisha na inauzwa, maji yanageuka kijani na yanazaa mbu. Angekuwa amejijengea lambo la marumaru uani.

Hakujibu. Wifi, aliyekuwa anachambua mchicha pembeni na ambaye katika mambo haya yote nilikuwa sijamsikia, akasema: "Shangazi yao, na mimi sijaulizwa. Hizo ndoo nne na nusu za kila siku ataziongeza nani? Yeye yuko safarini na lori wiki nzima."

Niliandika hesabu kurasa mbili na sikuiona hiyo. Nilihesabu maji yanayopaa, sikuhesabu mgongo unaoyarudisha. Msomi wa maji.

Sasa turudi kwenye siku 156. Kiangazi chetu, masika yakiisha vizuri na vuli yakija kwa wakati, ni Juni hadi Oktoba. Siku 153. Yaani shimo lile lile alilotaka kulichimba kaka, kama lingefunikwa, lingebeba mgawo wa watu sita kiangazi kizima. Nikapima paa la nyumba yake: mita za mraba 120 za bati. Nikachukua mvua ya milimita 800 kwa mwaka, makadirio ya kujihadhari, nikatoa sehemu ya tano kwa yanayomwagika na kukauka njiani. Inabaki lita 76,800. Mgawo wa sera kwa watu sita, mwaka mzima, ni lita 54,750. Bati la kaka yangu linapokea maji mengi kuliko ambayo taifa liliweka kama kiwango chao, na kila mwaka yanashuka kwenye ukingo wa paa, yanachimba mfereji uani, yanakwenda zake barabarani. Alfajiri inayofuata wifi anachukua ndoo.

Nasema hili kwa hasira, na hasira yangu ni kwa fani yangu kwanza. Tunafundishwa mabwawa makubwa, mabonde ya mito, pampu za kuvuka milima. Gata la bati lilikuwa aya moja. Mwanahistoria James Giblin ameandika kitabu kizima kuhusu Uzigua, kilichochapishwa mwaka 1992, akionyesha kwamba zamani watu wa huku walivuka miaka mibaya kwa kuwategemea wenye akiba, na kwamba utawala wa kikoloni ulipouvunja utegemeano ule, njaa zilizidi makali na mbung'o wakarudi kwenye ardhi iliyokuwa imefyekwa. Yeye anazungumzia chakula na ng'ombe. Lakini mimi niliposoma nilimwona mtu mwenye milioni nne na paa la bati. Mkubwa wa zamani aliyekuwa na ghala hakuliweka wazi linyeshewe ili wageni walitazame.

Najua watakaonijibu. Watasema nyumba ya nyasi haina gata, na mama asiye na milioni nne hana shimo la zege. Ni kweli, na kwa sababu hiyo bomba la mto halisamehewi. Serikali inadaiwa maji yale yale, awe mtu na bati au hana. Watasema pia ninamnyima mtu wa Handeni raha ninayomruhusu mtu wa Masaki. Hapana. Yule wa Masaki mngenipa mamlaka ningemfunika wa kwanza.

Kaka alichukua wiki tatu. Kisha akapiga simu, hakusema nimeshinda, aliuliza tu slabu inataka nondo za unene gani. Milioni nne haikutosha, zege la kufunika linakula saruji kuliko marumaru, akaongeza kiasi na kupunguza shimo. Lilitoka mita 5 kwa 3, kina kile kile: lita 19,500, siku 130. Zile siku 23 zilizobaki bado ni za ndoo. Fundi alinuna, maana alikuwa ameshawaambia watu anajenga bwawa la kuogelea. Juu ya slabu tukasimamisha milingoti sita kutoka Korogwe, na paa la bati nalo tukalifungia gata, likaongeza mita za mraba 15 za mvua. Sakafu ya baraza ni mgongo wa tangi, na mchana ina ubaridi ambao neti isingeuleta. Kuna bomba dogo la kumwaga maji ya mvua ya kwanza, yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Kaka analionyesha kwa kila mgeni kuliko hata televisheni.

Kuogelea ilibaki. Maji ya kunywa hayaogelewi, na mimi niliyelifunika shimo sikuwa na haki ya kumwambia asahau. Korogwe kuna nyumba ya wageni yenye bwawa dogo, wanatoza watoto kwa kichwa, na mto hauko mbali wa kulijaza. Jumamosi moja ya Novemba tuliwapeleka. Yule mkubwa, mwenye miaka kumi, alishika ukingo kwa mikono miwili muda wa nusu saa bila kuachia. Wa pili aliachia, akanywa, akalia, akarudi. Kaka alikaa pembeni suruali imekunjwa hadi magotini, miguu majini, chini ya mwavuli wa plastiki, soda mkononi. Nilimpiga picha bila kumwambia inafanana na nini. Kisha akamwita kijana anayefundisha akamwuliza bei ya mtu mzima.

Usiku ule kurudi, mvua ya vuli ilitukuta njiani. Tulipofika mama alikuwa amekaa gizani kwenye baraza, umeme umekatika, anasikiliza gata. Akatufanyia ishara tunyamaze. Mfuniko wa tangi una kufuli, na ufunguo wake anao wifi.